Mgonjwa apimwe jeni angali hai, na upande wa baba uhesabiwe

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba kurasa za afya za magazeti yetu hujaa utepe wa rangi ya waridi na maelekezo ya kujipapasa titi mbele ya kioo. Hilo ni jema na liendelee. Lakini lipo swali ambalo kurasa hizo huliuliza nusu: "Je, mama yako au dada yako aliwahi kuugua saratani ya matiti?" Msomaji ambaye mama yake ni mzima hujibu hapana na kufunua ukurasa wa pili, wala haimjii akilini kwamba shangazi zake wawili, dada za baba yake, walizikwa kabla ya kutimiza miaka 50. Tunaandika kuomba swali hilo liulizwe lote. Tunaandika pia kueleza kwa nini kipimo cha jeni za kurithi kianze kwa aliyeugua, angali hai, kabla ya ndugu mwenye hofu.

Tuondoe kwanza utata wa neno. Mitaani, "kupima DNA" maana yake ni kutafuta baba wa mtoto. Kipimo tunachokisema hapa hakiulizi hilo. Kinasoma jeni chache zinazosimamia ukarabati wa DNA na kuangalia kama mtu alizaliwa na nakala iliyoharibika ya mojawapo.

Kazi ya jeni hizo inaelezeka. DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, nazo hukatika kila siku, kwa mionzi, kwa kemikali, na hata kwa shughuli ya kawaida ya seli kujinakili. Uzi mmoja ukikatika si tatizo kubwa, kwa sababu wa pili unabaki kuwa kielelezo. Hatari ni zote mbili kukatika mahali pamoja. Hapo protini ya ATM (kila protini hapa ina jina la jeni inayoitengeneza) hugundua mkato na kupiga mbiu, na CHEK2 huipokea mbiu na kuizuia seli isijigawe kwanza. BRCA1 huja na mwenzake BARD1 kuandaa ncha zilizokatika, PALB2 humuunganisha BRCA1 na BRCA2, na BRCA2 huzipanga protini za RAD51 juu ya uzi ulioachwa wazi ili ukatafute nakala pacha isiyo na kasoro na kunakili kilichopotea. Akikosekana mmoja wao, mara nyingi seli haifi. Huunga ncha haraka haraka kwa njia nyingine, herufi za maandishi hayo zikapotea, na makosa yakalimbikizana kizazi kwa kizazi cha seli.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi, moja ya mama na moja ya baba. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu huishi vizuri kwa kutegemea ile nzima. Saratani hupata njia pale seli moja ya titi au ya mrija wa uzazi inapoipoteza na hiyo nzima. Kwa hiyo binti harithi saratani yenyewe, anarithi kuanza maisha bila akiba. Ndiyo maana wengine wenye hitilafu hufika uzeeni bila kuugua, na wanaougua huugua mapema kuliko kawaida.

Jambo hili halikukubalika kirahisi. Mtafiti Mary-Claire King, aliyekuwa Berkeley, Marekani, alianza kulifuatilia katika miaka ya 1970, wakati wengi wakiona kwamba saratani iliyoenea hivyo haiwezi kutokana na jeni moja. Mwaka 1990, kwa kutumia familia 23 zenye wagonjwa 146, kundi lake lilionyesha kwamba kwenye kromosomu (kifungu cha DNA) ya 17 ipo sehemu inayosafiri na ugonjwa ndani ya ukoo. BRCA1 yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13, mwaka 1995.

Takwimu zinazotegemewa sana zilichapishwa mwaka 2017, kutoka kwa wanawake 9,856 wenye hitilafu ya BRCA1 au BRCA2. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69. Saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya mwanamke, ni 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Kwa PALB2, saratani ya matiti ni karibu 53. ATM na CHEK2 ni za daraja la chini, kwani huongeza hatari kwa takriban mara mbili hadi mbili na nusu, na hazistahili kutia hofu ile ile. Ni haki kusema kwamba wengi waliohesabiwa katika takwimu hizi walikuwa wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia, kwa hiyo daktari asimsomee mama wa Tandahimba au wa Kisii namba 72 kana kwamba ilipimwa kijijini kwake. Ni kipimo cha ukubwa wa hatari.

Na asiseme mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,136 wa saratani ya matiti nchini Nigeria. Kati yao, asilimia 14.7 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni za saratani ya matiti: BRCA1 asilimia 7.0, BRCA2 asilimia 4.1, PALB2 asilimia 1.0. Kwa wanawake 997 wasiougua waliolinganishwa nao, ilikuwa asilimia 1.8 tu. Kwingine duniani, kwa kawaida hutajwa asilimia 5 hadi 10 ya saratani zote za matiti kuwa za kurithi. Nyingi zinazobaki hazina hitilafu kubwa ya namna hii nyuma yake, na hilo nalo wagonjwa waambiwe wazi, wasije wakabebeshwa lawama ya ukoo isiyowahusu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo haihitaji mashine wala dola. Ni karatasi, kalamu na nusu saa na mzee mwenye kumbukumbu. Mchoro wa ukoo ndio kipimo cha kwanza, na mara nyingi sana hufanywa vibaya.

Kosa la kwanza ni hilo la upande wa baba. Jeni hizi haziko kwenye kromosomu za jinsia. Baba hubeba hitilafu sawasawa na mama na kumpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Kwa kuwa yeye mwenyewe huugua titi mara chache, hitilafu inaweza kupita kwake kimya na kuibukia kwa binti. Ukoo wenye wavulana wengi na wasichana wachache unaweza kuonekana safi kabisa ilhali hauko hivyo. Swali sahihi kwa mgonjwa ni: dada za baba wako wangapi, nani kaugua, akiwa na umri gani? Na bibi mzaa baba je?

Kosa la pili linatokana na lugha yetu yenyewe. Kwetu mama mdogo ni mama, binamu ni kaka au dada, na mtoto wa jirani aliyelelewa nyumbani ni mdogo wangu. Ni utu mwema, lakini kwenye mchoro wa urithi unapotosha hesabu. Muuguzi akiandika "dada wawili waliugua" bila kuuliza kama walizaliwa tumbo moja, amechora ukoo usiokuwepo. Kwa kila jina uliza: baba mmoja? mama mmoja? Na kwenye ndoa za mitara lazima kuwe na uangalifu wa pekee. Ikiwa baba ndiye mwenye hitilafu, watoto wake wote wana uwezekano ule ule wa nusu, wa bi mkubwa na wa bi mdogo, hata kama hawajawahi kulala nyumba moja. Familia huwapigia simu wa tumbo moja tu na kuwasahau wengine.

La tatu ni majina ya maradhi. Wengi walikufa bila kuambiwa "saratani". Walikufa kwa "jipu la titi lisilopona", kwa "kidonda cha ziwa", kwa "kurogwa". Saratani ya ovari hukumbukwa kama "tumbo lilijaa maji". Kwa hiyo usiulize nani aliugua saratani peke yake. Uliza: yuko mwanamke aliyevimba tumbo likawa linatolewa maji? Yuko mwanamume aliyeota uvimbe kwenye chuchu? Mwenye saratani ya tezi dume kabla ya uzee, au ya kongosho? Zote hizi ni alama za jeni zile zile, BRCA2 hasa.

Umri nao haukumbukwi kwa namba. Lakini mzee anaweza kukuambia kama marehemu alikuwa bado anapata hedhi, kama alikuwa bado ananyonyesha, kama mtoto wake wa mwisho alikuwa ameshaanza shule, au kama alikufa kabla ya Vita vya Kagera. Kutokana na hayo utapata muongo, na muongo unatosha. Andika hata wazima na umri wao, maana shangazi wanne waliofika miaka 80 bila kuugua ni habari nzito sawa na mmoja aliyeugua akiwa na 38.

Mchoro ukikamilika, nani apendekezewe kipimo? Mwanamke aliyeugua saratani ya matiti akiwa na miaka 50 au chini. Aliyeugua aina ya hasi tatu, yaani ile ambayo vipokezi viwili vya homoni pamoja na protini ya HER2 havikuonekana kwenye uvimbe, katika umri wowote. Aliyeugua matiti yote mawili kwa nyakati mbalimbali. Mwenye saratani ya ovari, bila kuangalia umri wala ukoo. Mwanamume yeyote mwenye saratani ya titi. Na aliyeugua huku upande mmoja wa ukoo wake una wengine wa titi, ovari au kongosho. Kwetu ambako wagonjwa wengi ni vijana na hasi tatu si haba, orodha hii inawagusa wengi, nasi tungependelea kliniki iwe na mkono mpana kuliko mfinyu.

Hapa ndipo penye hoja yetu kuu. Mara nyingi anayekuja kuomba kipimo ni binti mzima wa afya, ana kazi, ana bima au ana kaka yake nje ya nchi wa kumlipia. Mama yake mgonjwa yuko wodini. Binti anapimwa, majibu yanarudi "hakuna hitilafu iliyopatikana", anashukuru Mungu, anakwenda zake. Majibu hayo yana maana mbili zisizofanana hata kidogo. Huenda mama ana hitilafu na binti hakuirithi, basi hatari ya binti ni ya kawaida. Au huenda mama hana hitilafu yoyote inayoonekana na kilichouandama ukoo wao ni kitu ambacho kipimo hakikioni, basi binti hajaondoka kwenye hatari. Bila damu ya mama hakuna wa kuzitenganisha maana hizo mbili.

Mama akipimwa kwanza, kila kitu hubadilika. Hitilafu ikipatikana kwake, inakuwa na jina kamili, herufi na namba, na ndugu wengine hawahitaji kusomewa jeni nzima. Maabara inaangalia mahali pamoja tu, kwa gharama ndogo na kwa muda mfupi, na jibu la "haipo" linakuwa jibu kweli. Mama akifa kabla hajapimwa, ameondoka na ufunguo. Kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta maabara hakilingani na damu. Dawa ya formalini inayotumika kukihifadhi huivunja DNA vipande vidogo vidogo, na uvimbe wenyewe una mabadiliko yake uliyoyapata ukubwani ambayo hayakurithiwa na hayatarithishwa. Kwa sababu hiyo hiyo ripoti ya jeni za uvimbe isisomwe kama ripoti ya urithi. Uvimbe ukionyesha hitilafu ya BRCA, damu ichukuliwe kuthibitisha.

Damu yenyewe ni kidogo, mililita 3 hadi 5, kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kile chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Kisiwe cha kijani, kwa kuwa heparini iliyomo huvuruga hatua ya kuzidisha DNA, na sampuli hurudishwa wiki kadhaa baadaye wakati mgonjwa ameshaondoka. Kigeuzwe polepole juu chini mara 8 hadi 10, kisitikiswe. Kikae kwenye friji ya kawaida, si kwenye barafu wala juani kwenye buti la gari, na kifike maabara ndani ya siku chache. Kiandikwe jina pamoja na namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu majina matatu yanayofanana ndani ya wodi moja si ajabu kwetu. Anayetoa mate asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chochote kwa dakika 30 kabla. Aliyewahi kupandikizwa uboho wa mtu mwingine asipimwe kwa damu wala mate, maana majibu yatakuwa ya aliyemchangia. Achukuliwe kipande kidogo cha ngozi.

Pesa ya kipimo isipokuwepo leo, damu ichukuliwe hivyo hivyo, DNA itolewe na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Itasubiri miaka. Mgonjwa atie saini akiwa na akili timamu, na ataje kwa jina ndugu anayeruhusiwa kupewa majibu endapo yeye hatakuwepo. Karatasi hiyo moja huondoa ugomvi mkubwa baada ya msiba.

Kabla ya kulipa, maabara iulizwe maswali matatu. Je, mnasoma jeni nzima au mabadiliko machache yaliyoteuliwa? Je, mnatafuta na vipande vikubwa vilivyofutika au kujirudia, ambavyo usomaji wa kawaida wa herufi unaweza kuvipita? Na ripoti itataja jina kamili la hitilafu? Jibu la swali la kwanza huwaponza ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya, wanaonunua vifaa vya kutemea mate vya kutafuta asili ya mtu. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kifaa cha namna hiyo kitoe majibu ya BRCA bila daktari, lakini kwa mabadiliko 3 tu, yale yanayopatikana hasa kwa Wayahudi wa asili ya Ashkenazi. Mabadiliko mabaya yanayojulikana kwenye jeni hizi mbili ni maelfu. Mzaramo au Mluo aliyeambiwa na kifaa kile kwamba yuko salama hajaambiwa kitu.

Idadi kubwa ya jeni kwenye tangazo la maabara isimvutie mtu. Mwaka 2021 utafiti wa wanawake zaidi ya 113,000 ulizipima jeni 34 zilizokuwa zikiuzwa kwenye vipimo hivi. Zilizosimama imara zilikuwa tano, BRCA1, BRCA2, PALB2, ATM na CHEK2, zikifuatwa na BARD1, RAD51C, RAD51D na TP53. Nyingi kati ya zilizobaki hazikuonyesha ushahidi wa kutosha kuhusu titi.

Ripoti ikirudi inaweza kuwa na majibu ya aina tatu, na ya tatu ndiyo huumiza watu. Kuna "hitilafu ya kudhuru", kuna "haikupatikana", na kuna "mabadiliko ambayo maana yake haijulikani". Hilo la tatu linamaanisha kwamba herufi imeonekana tofauti, lakini hakuna ushahidi kama inaharibu protini au haina neno. Waafrika hupata jibu hili mara nyingi zaidi, kwa sababu hazina za kulinganishia zilijazwa kwa DNA za Wazungu, na tofauti iliyo ya kawaida kabisa kwetu inaonekana ngeni kwenye orodha yao. Mengi ya mabadiliko hayo baadaye hugundulika kuwa hayana madhara. Basi isikatwe ovari, lisikatwe titi, wala wasipimwe ndugu wazima kwa ajili ya jibu la namna hii. Mgonjwa ahudumiwe kwa kufuata mchoro wa ukoo wake, na maabara iulizwe tena baada ya mwaka mmoja au miwili kama imebadili tafsiri.

Akishathibitika kuwa na hitilafu ya kudhuru, mwanamke mzima afanye nini? Miongozo ya nchi zenye uwezo inataka daktari ayapapase matiti kila miezi 6 hadi 12 kuanzia miaka 25, MRI (picha ya sumaku) ya matiti kila mwaka kuanzia umri huo, na mamografia (eksirei ya titi) kuongezwa kuanzia miaka 30. Mamografia peke yake kwa msichana wa miaka 28 haitoshi, kwa sababu titi changa ni zito na huonekana jeupe kwenye picha, kama uvimbe unavyoonekana. MRI ya titi inahitaji koili yake maalumu, yaani kifaa cha kunasia picha ya titi, mgonjwa alale kifudifudi, dawa ya gadolini ya kung'arisha picha ipitishwe kwenye mshipa, na kwa anayepata hedhi ifanywe kati ya siku ya 7 na ya 15 ya mzunguko. Ikifanywa bila koili hiyo ni fedha iliyotupwa. Pasipo na MRI, mikono ya daktari, ultrasaundi na mamografia kwa ratiba isiyorukwa ni bora kuliko kungoja mashine isiyokuja.

Kwa ovari hali ni tofauti, na hapa tunasema kwa msisitizo: hakuna kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema. Si ultrasaundi, si kipimo cha damu cha CA-125. Njia yenye kuokoa ni kuondoa ovari pamoja na mirija baada ya mwanamke kumaliza kuzaa, kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na 40 hadi 45 kwa BRCA2. Upasuaji huo hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa takriban asilimia 80. Makosa yake tunayajua. Mirija huachwa, ilhali nyingi ya saratani hizi huanzia kwenye ncha yenye nyuzinyuzi ya mrija, ile inayoielekea ovari. Au hutolewa na kutupwa bila kupelekwa maabara. Au maabara hukata kipande kimoja tu cha kuangalia, wakati inapaswa kukata ncha hiyo yote kwa vipande vya milimita 2 hadi 3, maana saratani changa iliyojificha humo hailingani hata na punje ya mchele. Mwanamke aambiwe kabla kwamba ukomo wa hedhi utamfikia kesho yake, kwa joto la mwili, ukavu na mifupa kudhoofika, na kwamba ikiwa hajawahi kuugua titi anaweza kupewa homoni mpaka karibu na miaka 50.

Kuondoa matiti yote mawili kabla ya ugonjwa hupunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi. Ni uamuzi wa mwanamke mwenyewe na haupaswi kuharakishwa na daktari wala kupigiwa kura na ukoo. Kwa wenye hitilafu ya ATM au CHEK2 pekee, kwa kawaida haupendekezwi, ufuatiliaji unatosha.

Wanaume wasiachwe nje. Mwenye hitilafu ya BRCA2 ajipapase kifua na apapaswe na daktari kila mwaka kuanzia miaka 35, na apime PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, kuanzia 40, kwa kuwa saratani ya tezi dume inayotokana na jeni hii huwa kali. Na wanaooana binamu kwa binamu, jambo la kawaida pwani, wajue kwamba mtoto akirithi nakala mbovu za BRCA2 au PALB2 kutoka pande zote mbili huweza kuzaliwa na anemia ya Fanconi, ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu, na za ATM humletea maradhi ya kupepesuka na kinga dhaifu. Ni nadra, lakini pale hitilafu inapojulikana ndani ya ukoo, wachumba wana haki ya kuambiwa.

Kwa mgonjwa mwenyewe, majibu haya hubadilisha tiba aliyomo. Seli isiyo na BRCA haivumilii dawa zinazovunja DNA. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, miongoni mwa wagonjwa wa saratani iliyosambaa wenye hitilafu ya BRCA, uvimbe ulinywea kwa asilimia 68 ya waliopewa kaboplatini, mojawapo ya dawa hizo, dhidi ya asilimia 33 ya waliopewa dosetakseli, dawa ya namna nyingine. Kaboplatini ni dawa ya zamani. Olaparibu, inayoziba njia ya pili ya ukarabati seli ikose pa kukimbilia, mwaka 2021 ilionyesha faida kwa walio katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi: baada ya miaka 3, asilimia 85.9 ya walioitumia kwa mwaka mmoja walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 77.1 ya wasioitumia. Bei yake bado ni mzigo. Lakini hakuna anayeweza hata kuiombea msaada bila jibu la jeni mkononi. Na mwenye hitilafu ya TP53 hubadilishiwa mpango kwa upande mwingine: mionzi huepukwa kadiri inavyowezekana, kwa kuwa inaweza kumzalia saratani nyingine. Kwa hiyo majibu yatafutwe kabla ya upasuaji na mionzi, pale ugonjwa unaporuhusu kusubiri.

Bei ya kipimo chenyewe haikuwekwa na maumbile. Kwa miaka mingi kampuni moja ya Marekani, Myriad Genetics, ilishikilia hataza za BRCA1 na BRCA2 na kutoza zaidi ya dola 3,000. Juni 13, 2013, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba DNA ya asili haiwezi kumilikiwa kwa hataza, maabara nyingine zikaingia, na ndani ya miaka michache zikawepo zilizotoza chini ya dola 300. Wanaopanga vitita vya bima ya afya Tanzania na Kenya wasifanye hesabu kwa bei ya zamani. Waweke upande mmoja kipimo cha mgonjwa mmoja na vya ndugu watano vya mahali pamoja, na upande wa pili gharama ya kumtibu hata mmoja wa ndugu hao akifika na ugonjwa uliosambaa.

Tunachoomba kwa hospitali ni kidogo. Faili la kila mgonjwa wa saratani ya matiti au ya ovari liwe na ukurasa wa ukoo wenye pande mbili, ujazwe wiki ya kwanza, na kichupa kimoja cha zambarau kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Kwa gazeti lenu, Mhariri, tunaomba Oktoba ijayo, chini ya ile picha ya kujipapasa titi, mchapishe maswali ya shangazi, ya bibi mzaa baba na ya tumbo lililojaa maji, kwa herufi kubwa za kutosha mtu ayakate na kwenda nayo kijijini likizo ya Desemba. Na aliyekwisha kupata ripoti aitoe nakala tatu: moja ya faili, moja yake, na moja ya ndugu wa upande ambako hitilafu imetoka, ikiwa na lile jina kamili la herufi na namba, kwa sababu ndilo atakaloliulizia mtu wa maabara siku mtoto wa shangazi atakapofika.

Wenu,
Wahudumu wa wagonjwa wa saratani,
Dar es Salaam